Mkutano wa injili, mtaa mpya au jumuiya kutoka nje: usharika wenu uanze na kipi?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hii nawaandikia wazee wa kanisa, wanakamati wa misioni na uinjilisti, na yeyote ambaye usharika wake umehubiriwa Agizo Kuu (lile la Yesu la kwenda kwa mataifa yote) mpaka watu wamelikariri lakini ikifika Jumatatu hakuna anayejua aende wapi. Sisi tulikaa hivyo karibu miaka mitatu. Ofisini ukutani dira ya usharika imeandikwa vizuri, kwenye bajeti kifungu cha misioni kipo kila mwaka, na kila Desemba kile kifungu kinakuwa kimeshakopwa kumalizia choo au uzio. Watu mzigo wanao, wanalia kabisa wakiomba, ila ule mzigo ulikuwa haujapewa mtu wala siku wala nauli.

Mi nipo KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, usharika wa Morogoro mjini, wa kawaida tu, nimekuwa katibu wa kamati ya misioni miaka saba. Tumejaribu njia tatu kubwa na ya nne kidogo, tumekosea sana, na kila mara nikikutana na wenzangu wa sharika nyingine wananiuliza lile lile: tuanze na mkutano wa injili, tufungue mtaa (kanisa dogo chini ya usharika), au tuzitume jumuiya, vile vikundi vya familia jirani, zitoke nje? Nimeona bora niziweke zote hapa mlinganishe wenyewe. Nitasema na upande wangu, sitauficha.

Kabla ya yote kuna swali moja ambalo sasa hivi naliuliza kwenye kila kikao mpaka wamenizoea: Jumanne nani atakuwa pale? Maana Jumapili kila mtu yupo, na siku ya uzinduzi kila mtu yupo na suti. Jumanne saa tisa mchana, jua kali, mtu aliyeguswa ana swali au ana mgonjwa ndani, nani wa kwetu yuko karibu naye? Kila njia hapa chini nimeipima kwa swali hilo, hela inakuja baadaye.

Mkutano wa injili

Ukitaja misioni wengi wanawaza huu kwanza. Jukwaa, spika, kwaya, matarumbeta, mhubiri mgeni, siku sita uwanjani. Na sitaki kuudharau hata kidogo, maana namfahamu mtu aliyekuwa anakunywa gongo miaka na miaka akaacha siku ya tatu ya mkutano na mpaka leo ndiye anapiga kengele kanisani kwetu. Mkutano unafika kwa watu ambao mlangoni kwa kanisa hawawezi kuja, wanasimama kule mbali kwenye vibanda vya chipsi wanasikiliza, hakuna anayewauliza jina, mwingine anasikiliza hivyo siku nne ndo anasogea. Na washarika wenyewe wanaamka, vijana wanabeba viti, kwaya iliyokuwa imelala inafanya mazoezi kila jioni, hata wale wanaokuja ibada ya kwanza na kuondoka kimya kimya utawakuta jikoni wanamenya vitunguu.

Sasa hesabu. Mkutano wetu wa siku sita ulikula milioni saba na laki nne. Kubwa lilikuwa spika, jukwaa na jenereta, la pili chakula (kwaya nne zinakula jamani), halafu gesti na nauli ya mhubiri, mabango, gari la matangazo, mafuta. Na kabla ya hela kuna kutembea sana, uende serikali ya mtaa kuomba uwanja, uende polisi na barua mkononi, na uende kwa majirani, hili la majirani ndo watu wanalisahau. Uwanja wetu uko karibu na msikiti. Siku ya kwanza spika zilielekea kule kule, na kwaya ikaendelea kuimba mpaka adhana ya magharibi ikapita humo humo ndani ya wimbo. Hakuna aliyekuja kugombana. Asubuhi yake mzee mmoja wa pale alimfuata mwenyekiti wetu kwa adabu kabisa akamwambia, "Jirani, jana tumeswali kwa shida." Tuliona aibu sana. Siku hiyo hiyo spika ziligeuzwa, na tukawa tunamaliza kabla ya saa kumi na mbili. Kama mnataka kuishi na watu mkiwahubiria, mjue na wao muda wao.

Halafu kuna fomu. Hapa ndo naumia mpaka leo.

Waliokuja mbele tuliwaandika majina, fomu 143. Tukashangilia, Jumapili zikasomwa kanisani, takwimu ikaingia kwenye ripoti ya kwenda jimboni. Baada ya miezi mitano natafuta karatasi nyingine kabisa kabatini nikazikuta chini ya majoho ya kwaya, bado zimebanwa na mpira ule ule wa siku ya kwanza. Ya juu kabisa ilikuwa ya mama mmoja, ameandika kwa penseli, na pale kwenye "unapoishi" ameandika: nyuma ya mashine ya kusaga, nyumba ya bati la bluu, ulizeni kwa mama muuza mkaa. Yaani alituelekeza kabisa. Nikafunga ofisi nikaenda jioni ile ile. Bati la bluu nikaliona, mama muuza mkaa nikamkuta, akaniambia yule dada alishahama, ila kabla hajahama alikuwa anapita pale anauliza kama watu wa mkutano walishafika.

Sisemi wote 143 wangekuwa washarika wetu, wengi walitoka makanisa mengine walisogea tu kuombewa, na wengine walisogea kwa sababu mwenzao kasogea. Lakini darasa la ubatizo lilimalizika na watu 11, na wale 11 nikiwaangalia mmoja mmoja wote walikuwa na ndugu au jirani ambaye tayari ni msharika. Maana yake waliobaki walikuwa na mtu wa Jumanne. Wengine hatukuwapa mtu.

Mtaa mpya na mwinjilisti wa kukaa

Kwa wasiotoka kwetu nieleze kidogo: usharika unakuwa na mitaa, mtaa ni kanisa dogo ambalo halina mchungaji wa kudumu, anakaa mwinjilisti anaongoza ibada, anafundisha watoto na wa kipaimara, anazika, anatembelea, mchungaji anapita kwa ratiba kwa ajili ya ubatizo na meza ya Bwana. Ni njia ya zamani na ndiyo iliyoibeba injili nchi hii, tusijidanganye na picha za wazungu waliovaa kofia. Angalieni kilichotokea mwaka 1920, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani Tanganyika, kwingine walikaa miaka hawajarudi. Kilimanjaro kule walikoanzia wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1893, na Nyanda za Juu Kusini, makanisa yalikuwa na kila sababu ya kufa. Hayakufa. Walimu wazawa, wale wa shule za vijijini ambao majina yao mengi hata hatuyajui, waliendelea kufundisha, kuimbisha na kuzika. Mwinjilisti wa leo anayekaa kijijini ni mtoto wa hao.

Sisi tulifungua mtaa ndani ndani ya Kilosa, sehemu ambayo masika pikipiki unaisukuma zaidi ya unavyoipanda. Gharama ya mwaka wa kwanza naiweka hapa wazi muilinganishe na ule mkutano: posho ya mwinjilisti laki mbili na nusu kwa mwezi, mwaka mzima milioni tatu. Pikipiki milioni mbili na laki nane. Mabati thelathini kwa elfu ishirini na nane, laki nane na elfu arobaini. Miti na nguvu za kujenga walitoa wenyeji. Jumla milioni sita, laki sita na arobaini elfu, yaani chini ya mkutano wa siku sita kwa laki saba na sitini, na hapo una mtu amekaa siku mia tatu sitini na tano, na mwaka wa pili hununui tena pikipiki wala mabati.

Lakini huko Kilosa msifikiri ni kwepesi. Migogoro ya wakulima na wafugaji ya kule mnaijua, watu wamekufa, na hata pasipokuwa na vita kuna ile hali ya mtu kumwona mwenzake anakuja akabadilisha njia. Ibada za mwanzo zilikuwa chini ya mwembe, Wakaguru na wakulima wengine wanakaa kulia, Wamaasai wanakaa kushoto kule karibu na mti, katikati pametengwa kama vile pamepigwa kamba. Mwinjilisti wetu hakuhubiri juu ya hilo. Alichofanya, alijifunza kusalimia Kimaasai vizuri, mzee kwa salamu yake na kijana kwa yake, na akaanzisha mnada wa sadaka baada ya ibada kama tunavyofanya huku: mtu analeta mazao au mfugo, unanadiwa, na anayenunua anaweza kuurudisha unadiwe tena.

Nilikuwepo Jumapili moja, nilienda na mchungaji. Umeletwa mkungu wa ndizi, debe la mahindi, jogoo mmoja mwekundu kafungwa miguu, na mama mmoja wa Kimaasai kaleta kibuyu cha maziwa, shanga zimezungushwa shingoni mwa kibuyu. Jogoo akanunuliwa elfu nane, akarudishwa, akanunuliwa elfu tano, akarudishwa tena, watu wanacheka. Kikafika kibuyu. Kimya. Mnadishaji anaita elfu moja, elfu moja, hakuna mtu, yule mama anaangalia chini. Mwisho upande wa wakulima akanyoosha mkono mzee mmoja, na huyu msimu uliopita ng'ombe walimaliza shamba lake la mahindi, kila mtu pale anajua. Akasema elfu tatu. Akaenda akapokea kile kibuyu kwa mikono miwili, akanywa pale pale amesimama mpaka maziwa yakabaki kwenye masharubu, kilichobaki akawaita watoto. Watoto wa pande zote walikimbilia. Jumapili iliyofuata, mwinjilisti ananiambia kwenye simu, pale katikati palikaa watu.

Hicho kitu mkutano wa siku sita hauwezi kukifanya, hata ulete kwaya ngapi. Ilichukua mwaka na miezi minne kutoka ibada ya kwanza mpaka ule mnada.

Sasa ubaya wake. Njia hii inamtegemea mtu mmoja na familia yake, na usharika ukiteleza wanaoumia ni wao. Sisi tuliteleza. Kuna kipindi posho ilisimama miezi minne, hela ikaingia kwenye vigae vya madhabahuni, na mwinjilisti hakusema neno kwa sababu kule kusema ni kama kulalamikia kanisa. Tulijua siku mama mwinjilisti alipoonekana sokoni Morogoro anauza kuku wake wa mwisho, na aliyemwona ni mzee wa kanisa. Niliandika barua ya kuomba radhi mimi mwenyewe kwa mkono wangu maana kitabu cha fedha za misioni nilikuwa nakisaini mimi. Baada ya hapo tukaondoa posho ya mwinjilisti kwenye kapu la usharika kabisa: familia 25, kila moja elfu kumi kwa mwezi, bahasha zao zina rangi yake, aliyesafiri anatuma kwa simu, na wazee hawana ruhusa ya kuigusa hata mvua ikibomoa kanisa. Haijakatika tena. Kama hamna familia 25 za namna hiyo, au 15 za elfu kumi na tano na kidogo cha juu, nawaomba kwa upendo kabisa msifungue mtaa bado.

Ubaya wa pili ni kujenga kabla ya watu. Kuna sharika zinapeleka matofali mwezi wa kwanza, jengo linakuwa la mjini lililopo kijijini, likivuja wanapiga simu mjini. Zamani katikati ya karne ya 19 kiongozi wa CMS, shirika la misioni la Waanglikana wa Uingereza, aliyeitwa Henry Venn alikuwa anasema kanisa likikomaa linajitawala, linajitegemea na linajieneza lenyewe, na ndugu zetu wa PCEA Kenya, yaani Wapresbiteri, hilo neno Jitegemea wamelifanya kauli mbiu yao. Sisi tuliweka mkataba wa miaka mitatu na mtaa: mwaka wa kwanza posho yote tunatoa sisi, wa pili mtaa unatoa robo, wa tatu nusu, na tangu mwezi wa kwanza mwinjilisti anatembea na wenyeji wawili anaowafundisha, mkulima mmoja na Mmaasai mmoja. Robo ilikuja, kwa mahindi. Tuliyapokea tukayauza.

Jumuiya kutoka nje

Hapa simaanishi jumuiya kukutana, jumuiya zinakutana tayari. Namaanisha jumuiya kupewa sehemu ambayo si ya kwake. Kila jumuiya inachukua mahali pamoja tu, wodi moja ya hospitali, kijiwe kimoja cha bodaboda, vyumba vya wapangaji nyuma ya soko, na inakwenda kila wiki siku ile ile, watu wawili wawili kwa zamu, mwaka mzima bila kubadilisha.

Gharama yake karibu hakuna. Sabuni, unga, sukari, nauli. Ndo maana watu wanaidharau, wanaona kama haijafika hadhi ya kuitwa misioni. Lakini kumbukeni Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini Rwanda na Uganda miaka ya 1930, kabla ya 1940 ulishafika Kenya na Tanganyika, na walioubeba walikuwa watu wa kawaida, manesi, walimu, wakulima, wanatembea wawili watatu, wanalala kwa watu, wanatubu mbele za watu na kurudisha vitu walivyoiba. Na Wakatoliki, maaskofu wao wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 1973, wakarudia tena 1976 Nairobi, kwamba kazi yao iwekwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, na leo ukifiwa Morogoro hii na jirani yako ni Mkatoliki utaona nguvu ya ile kitu kabla hujamaliza kulia.

Jumuiya yetu ina familia 14, tulipewa kijiwe cha bodaboda. Mwanzo tulikuwa tunaenda na vipeperushi, vijana wanavipokea, wanavikunja wanafutia vioo vya pikipiki. Miezi miwili hivyo. Halafu mmoja wao akapata ajali akavunjika mguu, yuko chumbani peke yake, ndugu zake wako Tabora, na pikipiki si yake, bosi anataka hesabu yake ya kila siku. Mama zetu wakaingia zamu, mmoja anapika, mmoja anafua, baba mmoja alikwenda kwa bosi akaongea naye kiutu uzima mpaka ile hesabu ikasamehewa wiki mbili na pikipiki akapewa mwenzake aendeshe. Yule kijana ni Mwislamu, jina lake la Kiislamu, na mpaka leo ni Mwislamu, Ijumaa namwona anaenda zake na kanzu. Kuna mzee kwenye baraza la wazee aliniuliza sasa hapo tumevuna nini. Nikamwambia mzee wangu, Yesu aliwaponya na wale wakoma tisa ambao hawakurudi kushukuru. Lakini pia kile kijiwe sasa wakifiwa au mtu akikamatwa wanatupigia simu sisi kwanza, na vijana watatu wengine wapo darasani, hakuna aliyewaita.

Kinachoiua jumuiya ni kugeuka kikundi cha kuchangiana. Inaanza vizuri, halafu mchango wa msiba, mchango wa harusi, mchango wa sare, baada ya mwaka watu wanatembeleana wao kwa wao na daftari la michango ndo limekuwa Biblia. Dawa tuliyoipata ni ndogo: kwenye kila kikao cha jumuiya swali la kwanza kabla ya wimbo ni wiki hii nani alienda na alikutana na nani. Likikosa jibu wiki tatu mfululizo mzee wa kanisa anakuja. Kingine, njia hii haifiki mbali, jumuiya ya Morogoro mjini haiwezi kwenda Kilosa kila Jumanne. Na ukimpa mtu mwenye mdomo mwepesi zamu ya kutembelea wagonjwa utajuta, siri za watu zitakutana nawe sokoni.

Kutuma hela kwa walio mbali

Hii nitaipitia haraka. Kuchangia mmisionari wa dayosisi au kazi ya nchi jirani ni vizuri na tunafanya, ila kama ndiyo njia pekee ya usharika, washarika hawatabadilika, mnatoa bahasha mnalala. Na mpokeaji naye anaweza kudumaa. Mchungaji John Gatu wa PCEA alisema mwaka 1971, mbele ya hao hao watumaji huko Marekani, kwamba wamisionari na hela za nje visimame kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama, watu walikasirika lakini alikuwa anaona kitu. Sasa sisi tumekuwa watumaji, tusifanye kwa wenzetu yale yale. Kinachonifurahisha mimi zaidi ni habari ya Malawi, Kanisa la Kilutheri kule lilianza mwaka 1982, na walioanza ni Wamalawi waliokuwa wamekaa Dar es Salaam wakalijua kanisa huku kisha wakarudi kwao nalo. Kwenye benchi lenu Jumapili hii kuna mtu anahamishiwa Katavi kikazi, kuna binti anaenda Oman kufanya kazi za ndani, kuna dereva wa malori ya Lubumbashi. Mmewahi kuwaombea mbele kama watu mnaowatuma, au mnawaandikia barua ya utambulisho tu?

Sasa mchukue ipi

Nikiziweka pamoja: kwa kasi, mkutano unashinda, ndani ya wiki mji mzima unajua mpo. Kwa kinachobaki baada ya mwaka, mtaa, wala haukaribiwi. Kwa kuwabadilisha washarika wenyewe, jumuiya, maana kwenye mkutano wanafanya kazi watu arobaini na kwenye mtaa anafanya mmoja, jumuiya inamtoa hata bibi wa miaka sabini anayejua kukaa kimya na mgonjwa. Kwa hela, nimeshawapa hesabu. Kwa hatari ya kuumiza watu, mtaa ndo wa kuogopa zaidi kwa sababu ya ile posho, na mkutano unafuata kwa sababu ya zile fomu.

Usharika mchanga, au wenye madeni ya ujenzi, au ambao wazee hawaelewani, chukueni jumuiya. Msione aibu. Jumuiya mbili tu, si zote kumi na mbili, zile mbili ambazo kiongozi wake hamhitaji kumsukuma, sehemu moja kila moja, mwaka mmoja. Baraza likiwaambia hiyo ni ndogo mno kuitwa mpango wa misioni waulizeni wao wiki hii wamemtembelea nani asiye msharika.

Usharika uliotulia, una hizo familia 25, una mchungaji ambaye hasubiri kuhamishwa mwezi ujao, fungueni mtaa, na mwinjilisti mchagueni kwa kumwangalia mke wake pia, au mume wake, maana wanahamia wote. Mkiwa na njia zote mbili zinatembea msizipambanishe kwenye bajeti, kila moja na bahasha yake.

Na mkutano wa injili uwe wa mwisho, pale ambapo watu wa Jumanne wameshapatikana. Najua wengi mnafanya kinyume, mkutano kwanza kisha "ufuatiliaji tutapanga", nasi tulipanga hivyo, na mmeshasikia bati la bluu.

Mwaka huu ndo tunaurudia mkutano, miaka minne tangu ule. Tunaufanyia Kilosa, Oktoba, baada ya mavuno na kabla ya mvua, siku tatu tu, spika mbili ndogo za kuazima, mhubiri ni mwinjilisti mwenyewe na wale wawili aliowafundisha, mmoja anahubiri Kimaasai. Aliyeomba ni mtaa, sisi tumeombwa kwaya moja na mafuta ya jenereta, chakula wamesema wao wanacho. Wafuatiliaji 18 wameshaandikwa, wawili wawili, na kila jozi inajua ni vitongoji gani vyake na inapita siku gani. Fomu nimezichapisha upya juzi. Chini ya pale pa "unapoishi" nimeongeza mstari unaosema nani atakuja kwako na siku gani, na huo unajazwa pale pale uwanjani, wote wawili wakiwa wamesimama wanaangaliana, kabla mtu hajaondoka.